Somo, litoe hilo jiko chumbani

Mikindani, Mtwara
Julai

Somo yangu mpenzi,

Barua yako nimeipata Ijumaa, nikaisoma barazani mara mbili. Mama yako hajambo. Nilipita kwake Lindi wiki iliyopita, akanipa salamu zako nyingi na kuniuliza kama kweli huko Makete, mkoani Njombe, maji huganda nje usiku. Nilimwambia baridi ipo, lakini umezoea. Haya mengine uliyoniandikia sitamwambia, atakosa usingizi, na mimi mwenyewe tangu Ijumaa siupati vizuri.

Unasema kila usiku unawasha jiko la mkaa, unaliingiza chumbani, unaziba nyufa za dirisha kwa matambara, na asubuhi unaamka na kichwa kizito, tumbo linachafuka. Ukadhani ni baridi. Somo, hiyo si baridi. Ni hilo jiko. Nakuomba, usiku wa leo lisiingie.

Mwaka wangu wa kwanza Njombe nilifanya hayohayo. Tulikuwa tukilala chumba kimoja na mwalimu mwenzangu, tukaona tumepata dawa ya kipupwe. Usiku mmoja mwenzangu aliamka kwenda haja, akafika mlangoni, akaufungua na kuanguka palepale. Nilimsikia, nikataka kuinuka, miguu ikagoma. Nilitambaa hadi nje nikamvutia kwenye umande, tukatapika wote wawili. Lau angeanguka hatua mbili kabla ya kuufikia mlango, nisingekuwa nakuandikia.

Mkaa ukiungua hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Damu huishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni, kwa hiyo mtu anapumua na huku mwili unakosa hewa. Sisi tuliokulia kwenye moshi wa kuni tunajua kuogopa kinachotutoa machozi. Ndiyo maana watu husubiri mkaa ukolee nje, moshi uishe, ndipo waingize jiko ndani wakiamini limekuwa salama. Mkaa mwekundu usio na moshi bado unaitoa hewa hiyo, na kuacha dirisha wazi kidogo si kinga. Ukiona tena kizunguzungu, toka nje kwanza, kisha nenda hospitali uwaeleze kwamba ulilala na jiko.

Sasa nikwambie kilichonifurahisha. Umeandika, tena kwa kupita tu, kwamba sebuleni kuna dohani ya zamani iliyozibwa kwa gunia. Somo! Unakaa juu ya hazina. Mtafute fundi apande juu, atoe viota na masizi, aangalie kama matofali yameachana. Kisha kunja gazeti, liwashe, lishike pale chini ya dohani. Moshi ukivutwa kwenda juu, una moto wa kipupwe. Moshi ukirudi sebuleni, usiwashe kuni mpaka kijulikane kilichoziba.

Halafu kuni zenyewe. Hapa ndipo sisi wa pwani tunapokosea, maana kwetu kuni ni za kupikia tu. Tunaokota makuti, vifuu, matawi ya mkorosho, na jua limeshatukaushia kabla hatujayagusa. Hatukufundishwa kungoja. Huko ukuni unangojewa. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake waweza kuwa maji. Ukiutia motoni, moto unaanza kuchemsha maji hayo kabla ya kukupasha wewe joto. Utauona unachemka povu kwenye ncha, unalia chii, unajaza moshi, na wewe uko mbele yake unatetemeka. Umenunua mzigo wa kuni, umepata mvuke.

Bibi mmoja wa Kibena, jirani yangu, ndiye aliyenifundisha kuzitambua. Chukua vipande viwili uvigonganishe. Zilizokauka hulia ko, kwa sauti kali. Mbichi hulia du, kama unagonga ndizi. Tazama pia ncha: kavu huwa imepasuka, na ganda linabanduka kwa kucha. Nilipokuwa sijui, muuzaji alinijazia ua mzima milingoti, yaani mikaratusi, iliyokatwa wiki ileile, nikalipa na kushukuru. Nilikula baridi mwaka ule mpaka Septemba.

Mlingoti si mbaya, una moto mkali ukikauka, ila uchanjwe ungali mbichi, maana ukikauka shoka linadunda. Misindano hushika haraka kwa utomvu wake na huisha haraka. Iweke kwa kuwashia. Mimi nilipenda miwati. Ganda lake huenda kwenye kazi ya kusindika ngozi za wanyama, na mti wake huacha makaa yanayokaa muda mrefu. Vyote hivyo ni miti ya kupandwa. Akikuletea mtu kuni za msitu wa asili wa mabondeni, kwenye vyanzo vya maji, usinunue hata kama bei ni rahisi.

Za mwaka huu nunua kwa jirani aliyezianika tangu mwaka jana, hata akikuzidishia bei. Za mwaka ujao zinunue sasa hivi, Julai hii. Zichanje, uzipange juu ya mawe zisiguse udongo, uziezekee bati juu na kuacha pande zote wazi upepo upite. Wenzangu wengi walikuwa wakizifunga turubai gubigubi, zinatoka jasho na kuota ukungu. Una miezi ya kiangazi mpaka mvua za Novemba, na hiyo ndiyo inayokausha. Nilihama Njombe nikiwa na rundo la kuni limefika dirishani, na sijawahi kuumia kuacha kitu kama nilivyoumia kuacha lile.

Moto wenyewe usiufukize. Watu hurundika magogo na kuubana ili ukeshe, kumbe moto unaofuka bila ndimi ndio unaopaka dohani lami nyeusi, na lami hiyo siku moja hushika moto, dohani ikanguruma kama lori. Washa mdogo, wenye ndimi, uongeze kidogokidogo. Acha ufa wa hewa mlangoni. Wakati wa kulala uache ufe. Majivu yatie kwenye ndoo ya chuma, uiweke nje mbali na ukuta. Kaa huweza kuishi ndani ya majivu hadi kesho yake.

Usitegemee dohani ipashe nyumba nzima. Joto lake jingi linakwenda angani. Sogeza kiti, ning'iniza blanketi mlangoni bila kuuziba ule ufa wa hewa, na weka matofali mawili kando ya moto. Saa ya kulala yazungushie kanga kuukuu, yaweke miguuni kitandani. Ndivyo nilivyolala miaka tisa, bila jiko chumbani.

Huku kusi limeshika, watu wa Mikindani wanajitanda mashuka na kusema baridi, nami nawatazama tu. Gesi ya Mnazi Bay, hapahapa kwetu Mtwara, inakwenda Dar es Salaam kwa bomba tangu 2015, na ninapokuandikia hivi mke wa jirani anapuliza kuni nyuma ya nyumba, mtoto mgongoni, wote wawili wanakohoa. Inaniuma. Nimemwambia mumewe nitawachangia mtungi, amesema atafikiri. Nitarudi tena Jumamosi.

Nimempa kondakta wa basi la Songea kifurushi, kitaunganishwa hadi Njombe. Ndani kuna korosho kilo mbili, blanketi langu lile la bluu, na soksi alizofuma mama yako mwenyewe. Ukikipata nipigie siku hiyohiyo. Ya korosho yatafuata, kwanza niambie jiko umeliweka wapi.

Ni mimi,
Somo yako