Barua ya wazi kwa vijana wa kujitolea: andikeni majina ya watu

Wanangu,

Naandika nikiwa nimeudhika, mnivumilie. Mafuriko yakitokea mnafika mapema, na Mungu awalipe. Lakini lori likishafunguliwa, magunia ya nguo yanarushwa, simu zinainuliwa kupiga picha, na ukiuliza nani amelala kambini, nani hajaonekana tangu jana, hakuna mwenye karatasi. Mama anazunguka hema kwa hema akiita jina la mwanawe.

Clara Barton, aliyeanzisha Msalaba Mwekundu wa Marekani mwaka 1881, mnamsifu kwa kufunga vidonda. Hakusomea uuguzi. Kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865) alikuwa karani serikalini, Washington, na ukarani huo ulifaa familia nyingi sana.

Mwaka 1865 alifungua ofisi ya kutafuta askari waliopotea. Alipanga majina kwa majimbo, akachapisha orodha, zikabandikwa posta na kutolewa magazetini, akiomba yeyote aliyemwona askari huyo aandike. Barua zaidi ya 63,000 zilimfikia. Hadi ofisi inafungwa mwaka 1868, habari za watu wapatao 22,000 zilikuwa zimepatikana.

Tazameni gereza la kivita la Andersonville, Georgia, walikofia askari karibu 13,000. Mfungwa kijana, Dorence Atwater, aliwekwa kuandika vifo. Akanakili orodha kwa siri, akaificha kwenye bitana ya koti lake. Makaburi yalikuwa na namba, naye alikuwa na majina ya namba hizo. Alipokwenda huko na Barton na mafundi wa serikali kiangazi cha 1865, vibao viliandikwa majina, yakabaki makaburi 460 tu ya wasiojulikana. Ni nakala ya pili iliyofanya kazi hiyo, wanangu! Nanyi mnaandika kwenye simu moja inayozima chaji saa kumi jioni.

Chukueni daftari na penseli, maana wino hutoka ukilowa. Andikeni majina matatu, jina analoitwa mtaani, umri, kitongoji, alivaa nini, alionekana wapi mara ya mwisho na nani, na simu ya ndugu. Nakala mbili, moja itoke kambini jioni ileile.

Mengine nayataja tu. Kwenye mapigano ya Antietam, 1862, katika vita hivyohivyo, magari ya farasi ya vifaa yalikuwa mkiani mwa msafara wa jeshi. Barton akasafiri usiku wengine wakiwa wamelala, akafika karibu na mizinga. Alibeba na taa, madaktari wakatibu usiku. Johnstown, mji wa Pennsylvania, mafuriko ya 1889, alikaa miezi mitano. Visiwa vya South Carolina, baada ya kimbunga cha 1893, familia ilipewa kwa wiki kama lita 9 za chenga za mahindi na nusu kilo ya nyama ya nguruwe, pamoja na mbegu, na watu wakachimba mitaro ya kutoa maji ya chumvi mashambani. Mgao mdogo, lakini kila kaya ilijulikana.

Nanyi wakubwa mnaowatuma vijana hawa, mnachapisha fulana na mabango, daftari hamnunui. Mnawaonea.

Na mtoto aliyetengana na wazazi asikabidhiwe kwa anayejiita shangazi hadi maelezo yake yalingane na ya daftarini, mjumbe wa mtaa amtambue shangazi huyo, na shangazi asaini. Akikasirika, mwacheni akasirike.