Barua ya malalamiko: Nakala niliyowalipa mnitunzie mmeifuta

Studio ya Picha na Video,
Moshi, Kilimanjaro.
24 Machi 2025

Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUFUTWA KWA MAFAILI YA HADIDISKI YANGU YA NJE

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu wa huduma ya kuhifadhi nakala za mafaili ya kompyuta mtandaoni, kile kifurushi cha mwaka ambacho tangazo lenu linakiita "hifadhi isiyo na kikomo". Nililipa mwaka mzima kwa mkupuo, kwa simu, na risiti nimeiambatanisha. Mwezi Februari mfumo wenu ulifuta nakala yote ya hadidiski yangu ya nje, takribani GB 600 za picha na video, kwa sababu moja tu: hadidiski hiyo ilipitisha siku 30 bila kuchomekwa kwenye kompyuta. Machi hii hadidiski yenyewe ikafa. Nilipokuja kwenu kuchukua nilichowapa mtunze, nikakuta folda tupu.

Niwaeleze kazi yangu, maana naona aliyeitunga sheria hiyo hakumfikiria mtu kama mimi. Napiga picha za harusi, ubarikio, kipaimara na misiba. Desemba huku watu wanarudi nyumbani. Barabara ya Marangu na Rombo inajaa magari kutoka Dar, na sherehe za ukoo hupangwa wakati huo kwa kuwa ndipo watoto wote wanapatikana. Nikishahariri, nahamishia kazi kwenye hadidiski ili laptopu ipate nafasi, naacha mfumo wenu upandishe nakala, kisha naichomoa na kuifungia kabatini. Umeme wetu ukikatika hurudi kwa kishindo, na kifaa kilichochomekwa ndicho kinachoumia. Mwaka uliopita niliichomeka mara kwa mara kwa kuwa kazi zilikuwa zinaingia. Kuanzia katikati ya Januari hazikuingia: watu wanalipa ada za shule, halafu inakuja Kwaresima, na harusi hakuna.

Kwa hiyo mimi nimeichomoa ili idumu, na nyie mmehesabu kule kuichomoa kuwa nimeitupa.

Hebu tupige hesabu pamoja. Intaneti yangu ikiwa katika hali nzuri inapandisha megabiti 5 (si megabaiti) kwa sekunde, yaani GB 2 na robo kwa saa. Mchana naihitaji kwa kazi, hivyo nawaachia nyie usiku, kwa muda wa saa nane. Hiyo ni GB 18 kwa usiku mmoja, tena usiku ambao umeme haukukatika. GB 600 zinakula zaidi ya mwezi. Yaani muda mnaompa mtu kabla ya kufuta ni mfupi kuliko muda anaouhitaji mteja wa Moshi kuvipandisha vitu vyenyewe! Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ikawa ya kutambaa nchi nzima. Nyaya za baharini si zenu, na wala sikuwapigia simu. Kufuta ni uamuzi wenu.

Kijana wa huduma kwa wateja alinijibu kwa adabu, sina neno naye binafsi, lakini ushauri wake ulikuwa huu: "Chomeka hadidiski yako, mfumo utapandisha mafaili upya." Ndugu Meneja, ingekuwa inachomekeka ningewatafuta nyie wa nini? Nilipomweleza kuwa imekufa na inagonga tu ndani, aliniandikia kwamba ombi langu limeshughulikiwa na tiketi, yaani kumbukumbu ya lalamiko langu, imefungwa. Nikafungua nyingine. Hapo ndipo nilipotumiwa kifungu cha masharti, kwa Kiingereza, pamoja na habari kwamba ningeongeza malipo kidogo nakala ingekaa mwaka mzima. Tangazo lililonileta kwenu lilikuwa la Kiswahili, na lilikuwa na mambo mawili tu: bila kikomo, na salama. Siku 30 hazikuwamo, wala hiyo nyongeza ya kulipia.

Mnasema mlinitahadharisha kwa barua pepe. Nimeitafuta. Nilichopata ni ripoti yenu ya kila mwezi, ile yenye alama ya kijani na maneno kwamba kompyuta yangu imelindwa. Hata baada ya kufuta, programu yenu iliendelea kuonyesha kijani, kwa sababu inahesabu diski ya ndani ya laptopu peke yake. Mtu akiona kijani atakwenda kutafuta nini kwenye mipangilio? Ila malipo yanapokaribia kuisha, meseji za simu mnazijua vizuri sana: moja wiki moja kabla, nyingine siku yenyewe. Namba yangu mnayo.

Najua pia hoja nyingine inakuja, kwamba nilipaswa kuwa na hadidiski ya pili. Ukurasa wenu wenyewe unafundisha ile kanuni ya mpiga picha Peter Krogh: nakala tatu, aina mbili za vifaa, moja ikae mbali na ulipo. Ya mbali ndiyo niliyowalipa nyie. Machi 2021 jengo la seva la OVH, kampuni ya kuhifadhi data, liliungua kule Strasbourg, Ufaransa, na wateja wengi wakapoteza data. Huo ulikuwa moto, mtu anauelewa. Za kwangu hazikuungua. Seva zilikuwa nzima, mteja amelipa, na mfumo ukafuta.

Nakala ya akiba ina kazi moja tu: kubaki pale ambapo ile ya kwanza haipo tena. Mfumo wenu unaitunza nakala maadamu hadidiski inaonekana nzima, na ikitoweka unasubiri mwezi mmoja kisha unafuta. Kwa mtu aliyeibiwa, ambaye nyumba yake imeungua, au anayehangaika na fundi kwa wiki tano, huduma hiyo inamfaa nini?

Waliolipa kwa awamu bado wananidai albamu zao. Mama mmoja wa Kibosho alifiwa na baba yake mwanzoni mwa Januari. Picha za mwisho za mzee akiwa na wajukuu nilizipiga mimi Desemba. Alinipigia akiomba moja ya kuweka kwenye ratiba ya mazishi. Siku hiyo hadidiski ilikuwa bado hai, nikampa. Sasa anaomba zote, na sijamjibu.

Naomba haya, kwa maandishi, ndani ya siku 14. Kwanza, wahandisi wenu waangalie kama data hiyo bado ipo mahali popote kwenye seva zenu, na ikiwapo mniwekee ili niipakue. Mtu wa mapokezi kusema "imefutwa" halinitoshi. Pili, ikiwa haipo kweli, mnirudishie malipo ya mwaka mzima na mlipie gharama ya kujaribu kuiokoa data ya hadidiski. Tatu, tangazo la Kiswahili liandikwe wazi kuhusu siku 30, na onyo la kufuta litumwe kwa meseji kama mnavyotuma la kulipa. Hili la tatu halinisaidii mimi tena, lakini wapiga picha wa mji huu tunafahamiana na kadhaa wapo kwenu kwa sababu mimi niliwaelekeza. Nimeshawaambia wakachomeke hadidiski zao.

Nisipopata jibu nitapeleka shauri Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na tangazo lenu pamoja na picha ya ile alama ya kijani ninavyo.

Hadidiski iko kwa fundi Arusha. Anasema kichwa cha kusomea kimeharibika na hawezi kuifungua katika chumba chenye vumbi, itabidi isafirishwe nje ya nchi. Makadirio yake ya gharama yako kwenye kiambatanisho cha pili.

Wenu mteja,

Mmiliki wa studio,
Moshi.