Binti wa ng'ambo ya Ruvuma hajipendekezi

Mhariri,

Wiki mbili zilizopita msomaji mmoja wa Masasi aliandika kwenye ukurasa huu kwamba vijana wanaobadili lafudhi na mwenendo kila wanapokaa na watu wa kwingine ni watu wasiojithamini, wanaojipendekeza. Barua yake niliisoma mara tatu, na kila mara macho yalinipeleka kwa binti mmoja aliyekuwa akikaa kwenye cherehani ya mwisho kibarazani kwangu. Naomba nafasi nimjibu.

Mimi ni fundi cherehani hapa Newala, mwaka wa 31 sasa. Kazi yangu kubwa ni sare za shule. Minada ya korosho ikishaanza na wazazi wakishika pesa, mpaka shule zinapofunguliwa Januari, nashona hadi usiku. Ninafundisha wasichana watano. Wanne ni wa hapa hapa. Wa tano alikuja na shangazi yake kutoka upande wa Mueda, Msumbiji. Ni Mmakonde kama sisi, ila Kimakonde chake kina mwendo wake, na mkasi anauita tesoura. Siku ya kwanza wenzake walimcheka. Siku ya pili wakamwita Mmawia, jina wanaloitwa Wamakonde wa Msumbiji, na si kwa wema. Siku ya tatu, tulipokaa kula muhogo, walimwachia ncha ya mkeka, nusu yake amekalia sakafu.

Ushonaji unamzoeza mtu kutazama mikono na shingo za watu. Nikipima kola huwa nainamisha kichwa upande wa kulia, na wale wanne wote sasa wanainamisha kulia. Sikuwafundisha. Nilipowauliza, walikana kabisa. Binti wa Mueda ndiye aliyewazidi wote. Mwezi haujaisha, alikuwa anakaa amekunja mguu mmoja chini ya kiti kama mkubwa wao, na anacheka kwa kufunika mdomo na mgongo wa mkono kama wao. Wakaanza kunong'ona: anajipendekeza. Nikamwita kando.

"Mwanangu, mkao huu umeutoa wapi?"

Akautazama mguu wake kama anaona wa mtu mwingine. "Mkao gani, mama?"

Hakuwa anadanganya. Mtu anayejipendekeza anajua anachokifanya.

Binti yangu anayesoma chuo kikuu alipokuja likizo nilimsimulia, akaniambia jambo hili limeshapimwa. Mwaka 1999 huko Marekani, Tanya Chartrand na John Bargh waliwaketisha wanafunzi, kila mmoja na mtu aliyepangwa na watafiti, wazungumzie picha. Mtu huyo akijishikashika uso, mwanafunzi naye alizidi kujishika uso. Akitikisa mguu, na wa mwanafunzi ulitikisika zaidi. Walipoulizwa baadaye, hawakuwa na habari.

Lakini lililonikosesha usingizi ni la mwaka 2008, la Jessica Lakin, Chartrand na Robert Arkin. Wanawake walicheza kwenye kompyuta mchezo wa kurushiana mpira, na baadhi yao wakanyimwa mpira makusudi. Kisha wakakutanishwa na mtu mwingine. Walioiga zaidi ni wale walionyimwa mpira na wanawake wenzao, kisha wakakutana na mwanamke. Ukitengwa na wale unaowahesabu kuwa wenzako, mwili unatangulia kubisha hodi kabla ya wewe mwenyewe kujua umesimama mlangoni. Nilimfikiria yule mtoto kwenye ncha ya mkeka.

Kuna upande wa pili, na huu msomaji wa Masasi hakuugusa. Binti huyu alikuja na ufundi wake. Akikunja marinda ya sketi, anachovya kidole kwenye maji, anapitisha ukucha kwenye mkunjo, na rinda linatulia hata kabla ya pasi ya mkaa. Haumizi vidole kwa pini. Kwa miezi mitatu alifanya hivyo mbele yetu na hakuna aliyemuiga. Naungama kwamba hata mimi, mwalimu wake, niliendelea kuchomeka pini. Nilikuwa naona, lakini mkono wangu haukuona. Siku moja mmoja wa wale wanne, ambaye marinda yake yalikuwa yakienda upande kila mara, alihamia karibu naye kwa sababu ya mwanga, na ukucha wake ukaanza kupita kwenye mkunjo. Wiki haikuisha, wote wanne walikuwa na kibakuli cha maji. Nikawauliza wameutoa kwa nani. Wakamtaja mwenzao wa Newala. Aliyeuleta alikuwa amekaa palepale, ameinamia kitambaa.

Binti yangu alinieleza pia utafiti wa Ujerumani uliotolewa mwaka 2013: watoto wa miezi 14 waliiga zaidi kitendo kipya cha mtu aliyezungumza lugha yao kuliko cha aliyezungumza lugha ngeni. Mtoto wa miezi 14 hajui maringo wala aibu ya asili yake. Basi tusimtwike kijana lawama ya jambo tulilolianza sote tukiwa bado tunabebwa mgongoni.

Mimi mwenyewe nilijifunza kushona Dar es Salaam. Niliporudi baada ya miaka miwili, bibi yangu alinisikiliza nikimwamkia, akageukia ukuta. Alisema nimeuza ulimi. Sikujua hata neno gani lilikuwa limebadilika, na kwa miezi mingi niliogopa kuzungumza mbele yake. Alifariki kabla sijapata maneno ya kumweleza. Ndiyo maana, ndugu yangu wa Masasi, barua yako iliniuma.

Mwezi uliopita niliihamishia cherehani ya binti wa Mueda katikati, na chakula nakipakua mimi mwenyewe, yeye akiwa kati ya wenzake. Jumanne iliyopita mkubwa wao alikuwa ameinamia kola, akanyoosha mkono bila kutazama, akasema, "Nipe tesoura." Akapewa. Hakuna aliyecheka, na sidhani kama mwenyewe alijisikia.

Fundi wa sare,
Newala, Mtwara