Umeme wa nyumba ya uani siyo ekstensheni

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lenu, nitakuwa mrefu kidogo mnisamehe, ila hili jambo limenikaa kooni tangu masika na kila nikipita mitaa yetu hapa Tanga, iwe Makorora, iwe Mikanjuni au kule Sahare, nikichungulia uani kwa watu nakiona kile kile kilichotaka kuniulia mtu, waya wa umeme uliovutwa ovyo kutoka nyumba kubwa.

Mimi nina nyumba yangu, mbele tunakaa sisi wenyewe, uani nimejenga vyumba vitatu vya kupangisha, na kimoja dada mmoja kafungua saluni. Kutoka nyumba kubwa mpaka uani ni kama mita 35. Nilipomaliza kuezeka nikaita fundi wa kupewa namba tu na watu, akaniambia mama hii kazi ya saa mbili. Akachukua waya wa fleksi, ule mwembamba wa milimita za mraba 1.5, akauanzia kwenye soketi ya sebuleni, akautoa dirishani, akaufunga kwenye mnazi wangu, kutoka kwenye mnazi akaushusha juu ya bati la uani ukaingia ndani, akaweka soketi na taa, basi. Waya wa erthi, ule wa usalama unaopokea umeme ukivuja, hakuvuta kabisa. Nilimuuliza, akasema erthi ipo nyumba kubwa inatosha. Nikamlipa na kumshukuru.

Kwanza zikaanza taa. Dada wa saluni akiwasha draya ya nywele na pasi ya mpangaji mwingine iko kwenye moto, taa zinafifia na friji linaunguruma bila kuwaka, mi nalaumu umeme wa mtaa, kumbe waya. Baadaye nimepigiwa hesabu, huo waya wa 1.5 kwa mita 35 ukipitisha ampia 13 tu unapoteza kama volti 13 njiani, na kama mtaani wenyewe jioni umeshapungua basi friji litapata nini. Kebo ya 10 kwa mzigo huo huo inapoteza volti 2. Na hizo volti zinazopotea haziendi hewani jamani, zinageuka joto ndani ya waya, waya wenyewe umelala juu ya bati juani.

Halafu ikaja masika. Upepo unayumbisha mnazi, mnazi unavuta waya, waya unasugua ukingo wa bati siku baada ya siku mpaka plastiki ikaisha na umeme ukaingia kwenye bati. Wapangaji wakawa wananiambia mama mwenye nyumba huu mlango wa chuma unatetemesha mkono, nikawajibu ni unyevu tu. Jioni moja mvua imetoka kunyesha, mpangaji wangu katoka kufua, mikono imeloa, akashika komeo akarushwa mpaka chini. Alhamdulillahi alirushwa, hakunasa. Na breka ya nyumba kubwa, ile swichi inayotakiwa kujizima yenyewe, haikutripu, ilikaa vile vile kama hakuna kilichotokea, na hapo ndipo nilipoanza kuuliza maswali ambayo nilitakiwa niulize mwanzo.

Nimeuliza watu wawili. Mmoja ni fundi mwenye leseni ya EWURA niliyempata safari hii, mwingine ni mdogo wangu anayefanya kazi za umeme Marekani, nilimtumia picha WhatsApp akanipigia simu saa hiyo hiyo. Kule wana kitabu chao cha sheria za kufunga umeme kinaitwa NEC na jengo la pili kwenye kiwanja kimoja lina sehemu yake kabisa. Sisi siyo Marekani, volti zetu siyo zao, wao wanavuta nyaya nne kwenda uani kwa sababu wana laivu mbili, sisi wa fezi moja tunahitaji tatu, laivu inayoleta umeme, nyutro inayourudisha, na erthi. Lakini sababu za zile sheria zinatuhusu sawa sawa.

Ya kwanza, jengo la uani lilishwe na laini moja, kukiwa na nyingine iwe kwa sababu maalumu. Hapa kwetu utakuta chumba cha uani kina taa kutoka nyumba kubwa na soketi kutoka LUKU ya mpangaji, fundi anakuja anazima moja anajua kazima yote, anashika nyingine. Ya pili, hiyo laini ikifika uani ikutane na meni swichi yake pale pale kwenye jengo, siyo mtu moto umewaka anakimbia mita 35 gizani kugonga mlango wa mwenye nyumba ili azime. Mimi hiyo peke yake ingenitosha kukubali. Na mti ulio hai kule haukubaliki kubeba waya wa umeme, nilipomwambia mdogo wangu kuwa ule ni mnazi alinyamaza kwanza.

Sasa nije kwenye erthi maana hapa ndipo nadhani hata mafundi wetu wengi wanachanganya. Ukimwambia fundi uani hakuna erthi anakuja na nondo, anaigonga ardhini, anafunga waya, anakwambia tayari. Haijawa tayari. Chukua nondo ambayo ukinzani wake na ardhi, yaani vile inavyozuia umeme kupita, ni ohm 25, laivu ikigusa bati umeme utakaopita kwenye nondo ni volti 230 ugawe kwa 25, unapata ampia 9 na kidogo. Breka ya ampia 32 inaona hiyo ni pasi na friji tu, haitripu, na bati linabaki na umeme usiku kucha. Na kwetu huku kwenye matumbawe nondo mara nyingi inagoma katikati, mtu anaikata juu anaficha, hapo ukinzani unaweza kuwa mkubwa kuliko huo na ampia zikazidi kupungua. Kwa hiyo nondo ya uani iwepo ndiyo, ila na waya wa erthi utoke nyumba kubwa pamoja na laivu na nyutro, na juu ya yote iwekwe ile breka ya uvujaji, RCD ya milliampia 30, ambayo haisubiri ampia nyingi, ikiona umeme uliokwenda haulingani na uliorudi inakata ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Ingekuwepo kwangu ingekata umeme mara tu yule binti alipogusa komeo.

La mwisho kwenye erthi, na hili naomba mlichape hata kwa herufi nene: uani usiunganishe nyutro na erthi. Kuna mafundi wanafanya, wanaona taa zinawaka wanaondoka. Ukiziunganisha kule, umeme unaorudi unagawanyika, mwingine unapita kwenye nyutro mwingine kwenye erthi, na chochote cha chuma kilichofungwa na erthi kinakuwa njia yake. Siku nyutro ikikatika kati ya nyumba mbili, na kwa chumvi ya bahari yetu inayofanya shaba iote kutu ya kijani haitachukua muda, kila chuma cha uani kinaweza kupata umeme, friji, bomba, mlango. Mdogo wangu aliniambia hata Marekani zamani waliruhusu kuunganisha kwenye jengo la pili kwa masharti, kuanzia toleo la NEC la 2008 kazi mpya lazima ziwe na waya wa erthi peke yake.

Fundi wangu wa pili alichimba mtaro, siku mbili za mtaimbo kwa sababu ya mawe, akalaza kebo ya 10 yenye nyaya za chuma juu yake, akafukia nusu akatandika utepe wa rangi wa kuonya wachimbaji, akafukia iliyobaki. Kule Marekani kebo inayolazwa bila bomba inashuka sentimita 60, kwenye bomba la plastiki 45. Sisi nimeona watu wanafukia kiganja kimoja, halafu mwakani mtu analima mihogo pale pale. Nyumba kubwa ameweka breka ya ampia 40 ya laini hiyo peke yake, uani kuna kiboksi chenye meni swichi, RCD na breka ndogo za kila chumba, sehemu ya nyutro mbali na sehemu ya erthi. Gharama imezidi kodi ya miezi mitatu ya vyumba vyote, sitaficha, imeniuma. Lakini mlango hautetemeshi tena na dada wa saluni anawasha draya taa hazishtuki.

Ombi langu. Mita ikishafungwa na nyumba kubwa ikishawaka, uani tunabaki wenyewe na fundi wa kuokoteza, na wanaolala uani ni wapangaji, wanafunzi, bibi zetu. Kwa nini ofisi ya mtaa inayojua nani anajenga nini isimuulize mwenye nyumba leseni ya fundi aliyevuta umeme wa uani? Na walimu wa umeme wa VETA hapa Tanga, gazeti hili likiwapa ukurasa mmoja waeleze erthi na nyutro kwa lugha ya mtu wa kawaida watakuwa wametusaidia sana, mimi nitaukata niubandike kwenye ukuta wa saluni.

Jirani yangu wa nyuma anamwaga zege la vyumba viwili wiki hii. Mtaro wa maji safi bado uko wazi, nimemwambia achimbe na wa umeme pembeni yake, mbali kidogo na bomba la maji, kabla hajasakafia uwanja. Amekubali kusubiri fundi wangu aje Jumamosi.

Mama mwenye nyumba,
Makorora, Tanga