Jumamosi tunatengeneza sabuni

Hamjambo wapendwa. Tukutane Jumamosi saa tatu asubuhi, kwangu Kayole. Mchango ni shilingi 300, umfikie mweka hazina kabla ya Alhamisi jioni.

1. Leteni ndoo za plastiki ngumu. Sufuria zetu za kawaida ziacheni nyumbani, tafadhali sana: ni za alumini, na kostiki soda, ile kemikali kali ya kutengenezea sabuni, huila alumini ikitoa gesi ya haidrojeni, ambayo hushika moto upesi.
2. Glavu, miwani ya kukinga macho, viatu vya kufunika miguu. Watoto wasije.
3. Soda ndiyo hutiwa kwenye maji, kidogo kidogo. Ukimwagia soda maji, joto hupanda ghafla na mchanganyiko unaweza kukurukia usoni.

Mama Njeri, utaleta mizani? Wote mjibu "nipo" au "sipo" kufikia Jumatano usiku, nijue mafuta ya kununua.