Barabara itapita wapi?

Nakuru

Mpendwa Nafula,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, ila baridi inatukomesha.

Unauliza: msitu ukishatengwa uhifadhiwe, anayekuja kupima kilicho chini yake anatafuta nini? Naelewa hofu yako. Umelelewa Kakamega kwa hadithi za mbio za dhahabu za miaka ya 1930. Sisi huku tuna mvuke wa ardhini, ule wa kuzalisha umeme. Kule mlimani Eburru, karibu na Naivasha, wenyeji hulaza mabomba juu ya vitundu vinavyofuka, mvuke ukipoa unadondoka ndani ya pipa, nao wanapata maji ya kunywa. Chini kuna moto, hilo halihitaji mtaalamu.

Kupima kwa juujuu sikuogopi. Wanachora ramani ya miamba, wanakinga gesi kwenye vitundu, wanafukia vyuma udongoni kusoma umeme wa asili unavyopita chini kwa chini. Wakiondoka, mvua moja tu na huoni walipokanyaga. Lakini hayo yote ni kukisia. Ukitaka hakika, sharti uchimbe kisima, mara nyingi kilomita mbili au tatu kwenda chini, na kisima huja na jamaa zake: barabara ya malori, uwanja uliosawazishwa, bwawa la maji, na ngurumo siku ya kuufungulia mvuke. Hapo bado wanasema wanapima!

Kule Olkaria, nako karibu na Naivasha, visima vya mvuke vilianza kuchimbwa 1956, mtambo ukaanza kutoa umeme 1981, na mbuga ya Hell's Gate ikatangazwa 1984. Kwa hiyo mbuga ndiyo iliyoukuta mtambo. Sisi wenye kulalamika husahau hilo. Leo ukipita humo kwa baiskeli unaona mabomba yameinuliwa mahali fulani ili twiga wapite. Nakiri pia kwamba siku hizi wanaweza kuchimba visima kadhaa kwa mshazari kutoka uwanja mmoja, miti michache ikakatwa.

Ningeulizwa mimi, ningetaka ruhusa mbili. Moja ya vyombo vya kubeba mgongoni, nyingine ya mashine ya kuchimba, na hiyo ya pili iombwe upya, mbele ya wananchi, majibu ya ile ya kwanza yakiwa mezani.

Kwa hiyo chifu akiitisha baraza, nenda. Wengi watauliza kazi za vijana na fidia, na wana haki. Wewe uliza barabara itapita wapi, na nani ataifunga wasipopata kitu.

Nisalimie mama. Niandikie walivyojibu.

Wako,
Wambui