Usimwangushie Joka

Mdogo wangu,

Juzi usiku ulipokata simu ukisema "basi, mchezo siendeshi tena," sikukupigia, kwa sababu najua hasira zako. Nimeona heri nikuandikie, tena hadharani, maana hauko peke yako. Wapo wengi wanaoendesha michezo hii ya kuigiza hadithi mezani, ambamo kila mchezaji ana mhusika wake wa kubuni na dadu huamua kama amefanikiwa, na wana mtu wao mmoja anayewaharibia jioni, kama huyo rafiki yako anayecheza mwizi.

Kwanza nikiri. Siku ile nilipokuja kukaa pembeni nikitazama mnavyocheza, niliona yote. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema, lakini mgeni mwenyewe nilinyamaza. Na kilichonikaa moyoni si yale mabishano unayoyalalamikia. Ni yule binti anayecheza mganga. Muda wote hakusema kitu, mpaka mlipofika mtoni. Akainua mkono nusu, akasema anataka kuzungumza na mzee mvushaji. Alikuwa ameshaandika maneno yake pembeni ya karatasi ya mhusika, nilimwona akiyaandika. Kabla hajafungua mdomo, rafiki yako akarusha dadu bila kuulizwa: "Namchoma kisu mvushaji, nachukua mtumbwi!" Meza nzima ikacheka, na wewe ulicheka. Binti akachukua ufutio, akafuta alichoandika, akapuliza vumbi lake. Hakusema tena neno mpaka mnaagana.

Wewe uliniambia kinachokukera ni ubishi wa kanuni. Haya. Ule wa mfalme ulikula robo saa, rafiki yako aking'ang'ania eti kwa kuwa dadu yake ya pande ishirini ilitoa 20, mfalme lazima ampe kiti cha enzi. Kwa kanuni za toleo la tano la Dungeons & Dragons, lililotoka 2014, 20 ya dadu inakuhakikishia shambulio kumpata adui. Kwenye kushawishi, kupanda ukuta au kufungua kufuli, hakuna muujiza huo. Haki ilikuwa yako. Lakini ukishinda ubishi wakati wengine wanne wanachezea simu, umeshinda nini? Siku nyingine toa uamuzi hapohapo, mwambie kitabu mtakifungua mkimaliza, songa mbele. Hilo dogo, tuliache.

Kubwa ni huu mpango wako wa kumwangushia joka mwizi wake afe, yeye ajifunze adabu. Hapo ndipo niliposhtuka, maana mimi nimeshapita njia hiyo. Niliwahi kuwa na mchezaji aliyewaibia wenzake mifukoni kila walipolala. Nikamporomoshea dari la pango. Akafa vizuri kabisa. Wiki iliyofuata alikuja na karatasi mpya: pacha wa marehemu, mwizi vilevile, na sasa ana kisasi. Yule mwenyewe hakuwa amesikia lolote, kwa sababu sikuwa nimemwambia lolote. Nilimwadhibu mtu wa kwenye karatasi, wa kwenye kiti nikamwacha.

Mchezo huu, ulipoanza mwaka 1974, ulitoka kwenye michezo ya vita ya mezani, ambako mwendesha mchezo alikuwa refa. Nadhani ndiyo maana bado tunawaza kirefa: kadi ya njano, penalti. Ila refa hamwaliki mchezaji nyumbani kwake kila wiki.

Kwa hiyo zungumza naye. Mkiwa wawili, si mbele ya kundi, na kabla ya kikao kijacho. Usimwambie yeye ni mbinafsi, atabishia ubinafsi mpaka asubuhi. Mtajie tendo: "Mwenzako alikuwa anaanza kusema pale mtoni, ukamkatiza." Atakujibu kwa wimbo ule wa wote, "lakini ndivyo mhusika wangu alivyo." Muulize mhusika huyo kaandikwa na nani. Kama mwizi hawezi kukaa na watu wanne bila kuwaibia, mwenye kalamu na amtafutie sababu ya kukaa nao. Tena weka kanuni moja ya meza: ukitaka kumdhuru mhusika wa mwenzako, mwenye mhusika ndiye anayeamua kinachotokea. Wizi wa mifukoni hupungua ghafla.

Halafu, nawe usikilize. Muulize anataka nini kwenye mchezo. Siku ile nilitazama saa: raundi moja ya pambano kwenye hadithi ni sekunde 6, lakini zamu yake ilirudi baada ya karibu nusu saa, kwa sababu ulikuwa unatafuta takwimu za kila zimwi kitabuni. Mtu aliyechoka kusubiri huchokoza. Simtetei, mvushaji hakuuawa wakati wa pambano. Nasema sehemu ya mzigo huu ni yako, na hiyo unaweza kuirekebisha bila ruhusa ya mtu.

Umesema pia utaleta ile kadi yenye alama ya X, iliyobuniwa na John Stavropoulos, ambayo mtu akiigusa mnaruka tukio bila kumdai maelezo. Ilete, ni kitu kizuri. Lakini imetengenezwa kwa ajili ya mambo yanayomuumiza mtu ndani ya hadithi. Anayepora zamu za wenzake anahitaji kuambiwa na mtu, na mtu huyo ni wewe uliyemwalika.

Ukishazungumza naye mara mbili na hakuna kilichobadilika, mwambie apumzike na kundi hili. Mwambie wewe mwenyewe, kwa mdomo. Usiitishe kura akiwa amekaa pale. Wala usifanye ule ujanja wa kutangaza kundi limevunjika kisha mkaanza upya bila yeye. Nimeuona ukifanyika. Mtu aligundua kwa picha, na kilichokufa pale kilikuwa urafiki wa miaka. Huyu wako ni mcheshi, na kwenye mambo mengine nampenda hata mimi. Endeleeni kuonana kwa mengine. Si kila rafiki ni wa kila meza.

Ila kabla ya kumpigia yeye, mpigie yule binti. Usimuulize kama amekasirika, atasema hapana. Mwambie mvushaji hajafa: kisu kilipita begani, na kikao kijacho kinaanzia palepale ukingoni mwa mto, naye ndiye wa kwanza kusema. Kisha nyamaza uone kama bado anakumbuka alichokuwa ameandika.

Kaka yako.